UZI: Kufuga pweza mdogo kwenye tangi nyumbani, mliowahi na mnaowajua pweza njooni

Bububu_Kwetu

Asalaam aleikum wadau. Mie hapa nyumbani nna tangi la kioo la maji ya chumvi, lita 250 hivi, lina samaki wawili, vitatange, na linakwenda vizuri tu. Sasa bamvua hili lililopita nilikuwa Mtende kwa shangazi, maji yametoka mpaka kulee, akanionesha kipweza hata kiganja hakijazi, kimejibanza ndani ya kombe na gamba la pili kalivuta akajifungia, jicho moja tu ndo linaonekana. Nilimtizama mpaka maji yakaanza kurudi.

Tangu hapo nataka kufuga pweza, na nnasema kweli. Nikitafuta mtandaoni naona watu wa Marekani na Ulaya tu, wanaongea habari ya kununua chumvi ya pakiti na kaa wa kugandishwa, sie bahari iko hapo mlangoni. Nataka kujua kwa mazingira yetu. Tangi langu linatosha? Anakula nini? Anaishi muda gani? Na vitatange je? Hata kama hujafuga lakini unawajua pweza kwa kuvua, sema.

Kijana_wa_Temeke

Mimi huku Dar pweza namjua kwenye supu tu, sikujua kama anajifungia mlango. Nakaa hapa nisome.

Tangi_la_Chumvi

Waaleikum salaam kaka. Matangi ya maji ya chumvi nnashughulika nayo muda mrefu, yangu na ya watu, na pweza nimewaweka. Ntajibu kwa urefu maana hili jambo watu wengi wanalianza kwa mapenzi halafu anaeumia ni pweza.

Kwanza ujue unamchukua nani. Pweza wetu wa kila siku hapa Unguja na Pemba, yule wa Darajani na Forodhani, kitaalamu anaitwa Octopus cyanea. Utamjua kwa doa jeusi la mviringo kila upande, chini ya jicho pale minyiri, yaani mikono yake, inapoanzia. Huyu ukimkuta anajaa kiganjani usiseme umepata pweza mdogo, umepata mtoto. Maisha yake yote ni kama mwaka, akienda sana miezi 15, na ndani ya muda huo anatoka kwenye milimita chache anafika kilo tatu, nne, na wapo wanaozidi. Yaani huyo uliyemuona Mtende ukimlisha vizuri baada ya miezi michache tu lita 250 zishakuwa jela.

Wapo pweza wanaobaki wadogo maisha yao yote, wanakaa ndani ya makombe na nyufa, wengi hutoka usiku. Hao ndo wa tangi la nyumbani hasa. Lakini kumtofautisha na mtoto wa pweza mkubwa kunataka jicho la mtu aliyezoea, so hesabu zako zianze kwa kudhani una mtoto wa mkubwa, na ujue mapema utamfanya nini akikua.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: KIPWEZA CHENYE VIDUARA VYA BULUU USIKIGUSE. Wako Bahari ya Hindi na Pasifiki, wadogo hao, na udogo ndo unaowaponza watu. Sumu yake ni ile ile ya bunju, inalegeza misuli mpaka mtu hawezi kuvuta pumzi, na dawa ya kuivunja hakuna, hospitali wanampumulisha mtu kwa mashine mpaka iishe mwilini. Viduara vyenyewe havikolei mpaka akasirike, kwa hiyo kipweza usichokijua usikamate kwa mkono mtupu, mkinge kwa chombo.

Vitatange watoe. Ama pweza atawamaliza usiku mmoja mmoja, ama akiwa bado mdogo wao watamdonoa mpaka akose raha. Pweza anakaa peke yake, na pweza wawili pamoja usijaribu, mkubwa anamla mdogo.

Kuhusu maji na kifuniko narudi jioni, hayo ndo yanayoua.

BintiMakunduchi

Mie sijafuga ila nimelelewa na pweza. Mama yangu na bibi wote wachokoaji wa pweza mwambani, skuli nimesomeshwa na pweza. Naomba niseme la kwetu.

Kaka wa Bububu nimefurahi umesema ulimtizama tu, maana watu wakishasoma uzi huu wataanza kwenda mwambani kubeba vitoto. Sie tunajua, ukimuacha huyo wa kiganja miezi miwili mitatu ni pweza wa kilo, ni mboga na ni ada ya mtoto. Ndo maana vijiji vimeanza kufunga mwamba. Kisiwa Panza huko Pemba wanafunga sehemu ya mwamba kama miezi mitatu kisha wanafungua, na upande wetu wa kusini Kizimkazi nako wamefanya hivo. Mtu akikuta alama za mwamba uliofungwa halafu akaingia na ndoo yake ati anatafuta wa kufuga, huyo kaiba tu, hana jina jengine.

So ukitaka, nenda kwa sheha na kamati ya wavuvi ya kijiji, waambie unataka mmoja na wa nini. Hawatakukatalia kwa ubaya, na pengine watakuonesha mwenyewe wapi. Chumbe usiende kabisa, mwamba ule umehifadhiwa tangu 1994, na Misali pia kuna sehemu hazivuliwi.

Jengine, jike alieziba pango lake kwa mawe na hatoki hata umchokoe, huyo ana mayai, muache. Anakaa anayapulizia maji na kuyasafisha, hali kitu, mayai yakishapasuka na yeye ndo anakufa. Bibi akiona pango la hivo anapita.

Kijana_wa_Temeke

Dada Binti, unajuaje pango lina pweza? Nimeuliza kwa kutaka kujua tu.

BintiMakunduchi

Takataka za mlangoni. Pweza akila kaa au kombe magamba anayatupa nje ya pango, ukiona vigamba vipya visafi vimelundikana mbele ya tundu na mchanga umesukumwa, mwenye nyumba yumo. Magamba yakishaota kijani ujue kahama. Mama anaona hayo huku anatembea na kusema na watu, mie mpaka niiname.

Mkojani_Mzamiaji

Nawasalimu kutoka Pemba. Nazamia, na nnachotaka kusema ni kuhusu tabia maana mfugaji akimjua pweza wa baharini hatomuweka kwenye kioo kitupu.

Ukizama ukaona chewa mdogo na mkundaji wanazungukazunguka jiwe moja hawatoki, tizama chini, yupo pweza. Wanafatana nae kuwinda. Yeye anaingiza minyiri kwenye nyufa, samaki wanaotoroka wanadakwa na wenzie wa nje, na kaa anaemkimbia samaki anaingia mikononi mwake. Na mara nyengine nimemuona anamchapa samaki ngumi, mnyiri mmoja unaruka ghafla pap! samaki anasogea. Nilidhani ni mie tu nnaona vitu, kumbe 2020 watafiti waliowarikodi Bahari ya Sham waliandika jambo hilo hilo, na pweza wao ni cyanea huyu huyu wetu.

Sasa kiumbe kama huyo umtie kwenye tangi la mchanga na jiwe moja, atachoshwa na kukosa la kufanya. Mpe nyufa nyingi, makombe ya kuchagua, vitu vya kuhamisha. Pango la kwanza atalikataa, mwache achague.

Tangi_la_Chumvi

Nimerudi. BintiMakunduchi na Mkojani mmesema mambo ambayo mie nisingeyasema vizuri, ahsanteni.

Maji. Hapa ndo tumebarikiwa, lakini ubarikiwe na akili. Usichote bandarini wala ufukwe wa mjini ambako mitaro inamwaga, na usichote siku za mvua kubwa za masika, maji ya juu yanakuwa yamepoa chumvi na yana taka za barabarani. Chota maji yamejaa, mahali pasafi, kwenye madumu ya chakula ambayo hayajawahi kutiwa rangi wala mafuta wala dawa. Kipimo cha uzito wa maji kisomeke 1.025 au 1.026. Kila wiki badilisha kama sehemu moja ya tano.

Tangi jipya haliingii pweza. Uchafu wake ni mwingi kuliko samaki wa ukubwa wake kwa mbali, anakula nyama tupu, na uchafu huo unageuka amonia. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti halafu naitreti, na kuwaotesha kunachukua mwezi na zaidi. Amonia na naitraiti zisome sifuri, sio kidogo, sifuri. Filta iwe ya tangi mara mbili ya hilo lako, na ile mashine ya kutoa povu la uchafu usiikose. Mawe tumia ya matumbawe yaliyokwisha kufa yaliyotupwa ufukweni, usiende kuvunja mwamba hai.

SHABA. Damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma, na juu ya hivo shaba ikiwa kwenye maji inamuua, hata kidogo sana. Dawa nyingi za samaki zina shaba. Kama vitatange wako uliwahi kuwatia dawa kwenye tangi hilo hilo, basi hilo sio tangi la pweza, chukua jengine. Vali za shaba na waya wazi pia toa.

Kifuniko sasa. Hana mfupa hata mmoja, kitu kigumu mwilini ni lile domo lake la kasuku tu, pakipita domo anapita mzima. Huko New Zealand mwaka 2016 pweza aliyeitwa Inky alitoka kwenye tangi lake katika jumba la samaki la taifa pale Napier, akavuka sakafu, akaingia bomba la kutolea maji na akaenda zake baharini. Hapa kwetu nilishaitwa kwenye hoteli moja pweza wao "kaibiwa", tukamkuta nyuma ya kabati ameshakauka. Kioo kizito peke yake hakitoshi, anakisukuma. Weka fremu yenye komeo pande zote, na kila tundu la bomba na waya lizibwe kwa wavu mgumu, si sponji tupu maana sponji ataichomoa na atakaa akiichezea. Wengine wanazungushia ukingo wa juu kapeti la majani bandia, vikombe vya minyiri haviwezi kushika pale, na nimeona inasaidia kweli.

Joto. Bahari yetu inacheza baina ya 25 na 29, so hita huna haja nayo, tabu yako itakuwa kaskazi, Januari Februari chumba kinachemka na tangi linapita 30. Maji ya moto hayashiki hewa na pweza anataka hewa nyingi. Feni ndogo ipulize juu ya maji, na tangi lisikae dirisha la jua.

Umeme. Mtu mzima wa Unguja hana haja ya kukumbushwa 2008 tulivyokaa giza karibu mwezi mzima, na mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu. Hata ukiacha hayo, ukikatika usiku mmoja tu umelala, pampu imesimama, asubuhi unakuta maiti. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, hiyo inunue kabla ya pweza. Mwenye sola ya nyumbani afunge pampu huko moja kwa moja.

Kama huna kifuniko na huna pampu ya betri, usifuge.

Bububu_Kwetu

Ahsante sana kaka, na Dada Binti na Mkojani pia. Tangi langu niliwahi kulitia dawa ya madoa meupe, nimekwenda kusoma chupa, ina shaba. Kwa hiyo nanunua jengine. Bora nimejua leo.

Maswali: chakula ni kaa hai tu? Naweza kumshika? Na nitajuaje dume au jike?

Tangi_la_Chumvi

Kaa wadogo wa ufukweni hai ndo chakula chake hasa, kamba na kombe pia. Akishazoea atapokea kamba mbichi kwenye kijiti. Mlishe kila siku kidogo, na mabaki toa siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza ukimpa kaa, usiondoke, uangalie. Anasimama kwanza, macho yamenyanyuka, mwilini yanampita mawingu meusi kutoka nyuma kuja mbele ingawa mwenyewe hajasogea. Halafu anamrukia kaa anamfunika wote kwa ile ngozi iliyo baina ya minyiri, na ngozi ile inageuka nyeupe pale pale. Baadae unaona tu mwili unatikisika kidogo na gamba linatoka tupu, safi, hata miguuni hamna nyama. Na rangi zote hizo anazibadilisha na jicho lake lenyewe, kwa tulivyofundishwa na wataalamu, lina aina moja tu ya chembe za kuonea, yaani rangi hazioni kama tunavyoziona sie.

Kumshika: mpe mkono yeye akushike. Vikombe vyake vinaonja, kwa hiyo osha mkono kwa maji matupu, usiwe na sabuni wala losheni. Akikung'ang'ania usimvute, tulia atatambaa mwenyewe. Anaweza kuuma, na mate yake yana sumu ya kulegezea kaa, kwa hiyo akikuuma osha kwa maji mengi na ukiona uvimbe nenda hospitali. Watoto wasimshike. Na usimtishe, akitoa wino kwenye tangi dogo unaweza kumziba matamvua mwenyewe, ikitokea badilisha maji mengi saa hiyo hiyo.

Dume utamjua kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ncha yake haina vikombe, ina kama kijiko kidogo. Mara nyingi mnyiri huo anautembeza umekunjwa.

Mpe kazi. Kaa ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, mara ya kwanza utamfungulia nusu, baada ya hapo ataijua. Atakujua na weye, wa nyumbani anakuja kwenye kioo na mgeni anamrushia maji.

Mwalimu_Mwera

Naongeza kidogo kwa wanaopenda historia. Tangi la kioo la kutizamia viumbe wa baharini lenyewe lilianzia kwa pweza. Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina huko Sicily, mwaka 1832 alitengeneza matangi ya kioo ili awatizame pweza wale wanaokaa ndani ya gamba jembamba la karatasi. Watu walibishana kama gamba lile wanaliiba kwa mwengine au wanalitengeneza wenyewe, akawaweka, akawatizama, akathibitisha kwamba wanalitengeneza. Na 2021 watafiti wa Brazil wameandika kwamba pweza ana usingizi wa aina mbili, mmoja wa utulivu amepauka, mwengine macho yanacheza na rangi zinapita mwilini. Kijana wa Bububu ukishamuweka, mtizame usiku kwa taa nyekundu, usimuwashie taa kali.

Mkojani_Mzamiaji

Sawa lakini hamjajibu swali kubwa. Akikua? Lita 250 mumesema hazimtoshi. Mie nasema arudishwe baharini kabla hajazidi.

Kijana_wa_Temeke

Si atakuwa amezoea kulishwa? Atajua kuwinda?

Tangi_la_Chumvi

Kama ulimpa kaa hai muda wote, kuwinda hakusahau. Mimi kurudisha naunga mkono, lakini kwa masharti, na hapa sikubaliani na wanaorudisha ovyo. Tangi liwe lina maji ya bahari yetu tu na viumbe wa hapa hapa tu. Ukishachanganya na samaki wa dukani kutoka ng'ambo, au dawa, huyo pweza anaweza kubeba ugonjwa mwambani, huyo harudi tena, utamtunza mpaka mwisho wake kwenye tangi kubwa zaidi. Na arudi pale pale alipotoka, maji yamejaa, mwekee karibu na jiwe lenye tundu, usimtupe kutoka juu ya dau. Na asiwe amejeruhiwa.

Kwa mtu wa nyumbani mwenye lita 250 mie ningefanya hivi: nikae nae wiki kadhaa, nimjue, nimtizame anavyokua, halafu nimrudishe angali mdogo. Hatakukosa na weye hutamuona akizeeka ndani ya kioo. Maana uzee wao unauma kutizama, jike akishataga au dume akishapanda jike anaacha kula, ngozi inatoka vidonda, anatembea ovyo mchana na usiku. Sio ugonjwa na hakuna dawa, ndo maumbile yake. Na ukipata jike akataga tangini, usijisumbue kulea wale watoto, wanaelea na wanataka chakula cha baharini ambacho nyumbani hatukiwezi.

BintiMakunduchi

Hapo umenigusa kaka. Kama ni kumtizama wiki kadhaa na kumrudisha mwambani kwao, hata mama hatokuwa na neno. Bububu ukija Mtende kumrudisha pita Makunduchi umuoneshe mama picha, yeye pweza anamjua akiwa nje ya maji na akiwa ndani ya tundu, hajawahi kumuona anavyowinda.

Bububu_Kwetu

InshaAllah dada, na video nitachukua nimletee.

Wadau nimeamua hivi. Vitatange wanabaki walipo. Tangi jipya naagiza, naliotesha mwezi na zaidi bila pweza, napima mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Shangazi atanipeleka kwa sheha wa Mtende niombe ruhusa, wakikataa basi. Nikipata, kaa hai tu, wiki kadhaa, na anarudi pale pale. Kesho naenda kwa fundi wa alumini anipigie fremu ya kifuniko. Kaka Tangi, komeo ngapi na wavu wa tundu gani?

Tangi_la_Chumvi

Komeo mbili kila upande mrefu, moja kila upande mfupi. Wavu uwe wa plastiki mgumu, tundu lisizidi milimita tatu, na usikubali waya wa shaba hata fundi akikwambia hauingii maji, mvuke wa chumvi unaufikia na kutu inadondoka ndani. Mwambie aache nafasi ya bomba mbili tu, ukimuachia atakutobolea nne. Akishamaliza piga picha ya pembe zote uweke hapa kabla hujatia maji, nikague.